Neno la Mezani Halichapwi

Ukiulizwa kwa Mzee wa Matenga, "Leo shuleni kulikuwaje?" ukajibu "kawaida," kiganja chake kinatua juu ya sahani yako. Hakikupigi wala hakikunyang'anyi. Kinatua tu, kipana, kimechubuka kwa kamba za katani, na ugali wako unapoa chini yake. "Kawaida tunaijua," anasema. "Tuambie hicho kingine." Nimeona watoto wa miaka minne wakikikodolea macho kiganja kile mpaka wakakumbuka kwamba kaka yao amekalia chaki na kutembea na suruali nyeupe siku nzima. Mimi pia nimekaa mbele ya kiganja hicho, mtu mzima mwenye ndevu, na sikukumbuka kitu.

Mzee huyu ni baba mkwe wangu. Jina analo, lakini pale Unyambwa sijawahi kusikia mtu akilitumia. Alikuwa akinunua kuku wa kienyeji vijijini, anawapanga kwenye matenga, yale makapu makubwa ya fito, na kuwapandisha juu ya mabasi ya Dar es Salaam. Biashara ameshaiacha, jina limekataa kumwacha. Hata mama mkwe humwita Mzee wa Matenga, hasa siku ambazo hawaelewani.

Mimi ni fundi wa mashine za kukamua alizeti, na nimekulia Kinyangiri katika nyumba ambayo watu walikula kama wako kwenye chumba cha mtihani. Baba yangu hakusema neno wakati wa chakula, alikohoa. Akikohoa mara moja, kuna mtoto anatafuna kwa kelele. Akikohoa mara mbili, inuka ukanawe. Wanaume tulikula sebuleni, mama na dada zangu jikoni, na kati yetu hakikupita kitu ila bakuli la mboga. Sikuona ubaya wowote. Mdomo una kazi moja kwa wakati mmoja, ndivyo tulivyofundishwa, na tulinenepa vizuri tu.

Sasa mtu wa namna hiyo mpeleke akapose kwa Mzee wa Matenga.

Nilikwenda na baba yangu mdogo, ndiye aliyekuwa mshenga, amevaa koti lake la harusi na mazishi. Tulipokaribishwa chakula akaanza kutafuta kwa macho mahali wanapokaa wanaume. Hapakuwepo. Kulikuwa na meza moja ndefu, iliyotengenezwa kwa mlango wa ghala la zamani, komeo lake bado liko pembeni, na watoto wanagombania kukaa karibu nalo wapate kulichezea. Hapo walikaa wote: baba, mama, binti ninayemposa, wadogo zake, bibi mmoja wa jirani na sisi. Baba mdogo akakaa kwa tahadhari, kama mtu anayepanda gari asilojua linakokwenda.

Kuku alikuwepo. Nyumba hii ya mfanyabiashara wa kuku ilikula kuku kwa nadra kuliko nyumba ya mwalimu. Siku za kawaida aliyefika mezani ni yule aliyevunjika mguu ndani ya tenga, kachinjwa na jirani Mwislamu ili kila anayeingia ale bila wasiwasi. Lakini siku hiyo alichinjwa mzima, kwa heshima yetu. Na kwetu, kama kwa wengi, firigisi ni ya baba mwenye nyumba, na akija mgeni wa heshima anaachiwa yeye. Baba mdogo alikuwa ameshauweka mdomo tayari.

Mzee wa Matenga akaichota firigisi kwa kijiko, akaiinua, akauliza, "Leo nani ana neno?"

Shemeji yangu mdogo kuliko wote, miaka saba, akanyoosha kidole. "Mimi baba. Mgeni mwenye koti amevaa soksi mbili, moja ya bluu, moja nyeusi."

Wote tukainama kuchungulia chini ya meza. Ilikuwa kweli. Mzee akacheka mpaka akajifuta machozi, akaitumbukiza firigisi kwenye sahani ya mtoto. "Huyu ana macho," akasema. "Haya, mgeni wangu, na wewe tuambie. Zile nyingine mbili ziko wapi?"

Baba mdogo hakutuambia. Tulipofika kwetu akamwambia baba yangu, "Mtoto wako anataka kuoa kwa watu wanaompa mtoto firigisi mbele ya mshenga. Kesho watamgawia na mahari." Ukoo ukakaa kikao. Ukapelekwa ujumbe Unyambwa kutaka maelezo. Mimi nilikonda, maana binti nilikuwa nimempenda kweli, na niliona ndoa yangu inavunjika kwa sababu ya kipande cha nyama kisichozidi kidole gumba.

Baada ya siku tatu likaja basi likiwa na jogoo hai, amefungwa miguu, na karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: FIRIGISI IMO NDANI. Baba mdogo aliisoma karatasi mara mbili. Akamtazama jogoo. Akasema huyu mtu hana adabu, ila ana akili, akaita mtu wa kuchinja. Posa ikaendelea.

Ajabu ya mzee huyu ni kwamba nje ya nyumba yake alikuwa bubu. Niliwahi kufuatana naye mnadani Ihanja nikadhani anaumwa. Anamnyanyua kuku, anapuliza manyoya ya kifuani, anaitazama nyama, anamrudisha chini. Kimya. Mwenye kuku anataja bei. Kimya. Mwenye kuku anaanza kueleza jinsi kuku alivyo mtagaji, kisha jinsi mama yake kuku alivyokuwa mtagaji, na mwisho anapunguza bei mwenyewe, kwa uchovu. Mzee anatikisa kichwa mara moja, biashara imekwisha. Nilipomuuliza, akasema, "Mnadani anayeongea ndiye anayeliwa." Mama mkwe ana maelezo yake. Anasema mumewe hutoka asubuhi na maneno yote mdomoni, hayatumii hata moja, na jioni anakuja kuyamwaga kwake.

Sheria yake kubwa kuliko zote ni hiyo niliyoiweka juu hapo: neno la mezani halichapwi. Mtoto akisema jambo wakati wa kula, liwe baya namna gani, hachapwi kwa jambo hilo, wala halibebwi kupelekwa nje. Sheria hii ilimgharimu. Mke wangu husimulia jinsi kaka yake, wakati huo yuko darasa la tatu, alivyotaka kujua kama kuku wa Kinyangiri wakifunguliwa wanaweza kurudi kwao wenyewe. Akafungua matenga mawili. Jioni, kila mtu ameshika tonge lake, akasema, "Baba, mimi leo nimegundua kuku hawajui kwao."

Mzee akauliza amegunduaje. Mtoto akaeleza vizuri, kwa mpangilio, kama alivyofundishwa. Mke wangu anasema baba yake alianza kutetemeka kuanzia mabegani. Akaomba maji. Akanywa. Akaomba mengine. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Haya. Mwingine?" Kesho yake mtaa mzima ulikimbiza kuku tangu alfajiri. Wengi walirudishwa, na waliobaki walijifunza haraka kuwa kuku wa majirani. Mtoto hakuguswa. Ila mzee alikula siku nne akiwa amemgeuzia bega.

Watoto si wajinga, walizoea. Ukivunja chungu asubuhi, ulitembea kwa adabu kubwa mchana kutwa, unafagia bila kutumwa, unasubiri meza ifike ukiri ukiwa salama. Mama mkwe aliligundua hilo mapema. Yeye alichapa kabla ya chakula.

Hata wageni hawakupona. Mzee mmoja wa kanisa alikaribishwa, akaomba dua ndefu, na mara tu baada ya amina mjukuu mmoja akamwambia, "Babu alisema ukija tufiche paja." Mama mkwe akatazama dari. Mzee wa Matenga akasema, bila kuficha uso, "Nilisema. Mama, lilete hilo paja." Mzee wa kanisa alilila lote, akaunyonya na mfupa, na mpaka leo ni rafiki wa nyumba ile.

Nisije nikamchora kama malaika. Alikuwa mnunaji. Alikuwa pia msimuliaji mbaya kuliko wote mezani, jambo linalonifariji. Alikuwa na hadithi moja tu, ya jogoo aliyetoroka kutoka juu ya basi pale Manyoni na kuingia dirishani kwa dereva, na akiianza watoto walikuwa na ruhusa ya kusema, "Tumeisikia." Walisema. Basi anaacha katikati, anavuta sahani yake, anatangaza: "Nimenuna. Nisiulizwe mpaka nimalize." Kununa kimyakimya hakukuruhusiwa, kwa hiyo aliona haki kutangaza.

Na yeye mwenyewe, ukimuuliza habari zake, alikuwa mwongo. Mwaka mmoja alianza kununua kuku wabovu. Mama mkwe akimuuliza anaendeleaje, jibu ni "kawaida." Jioni moja mjukuu akamuuliza mezani, naye akajibu hivyo hivyo, "kawaida, mjukuu wangu." Wajukuu wakatazamana. Kisha, bila mtu kuwatuma, mmoja baada ya mwingine, wakaweka viganja vyao vidogo juu ya sahani yake, vya watoto watano, hata ugali haukuonekana. Mzee akajaribu kucheka. Hawakuvitoa. Ndipo akasema kwamba jicho la kushoto halioni tangu kipupwe, na la kulia linaona ukungu, na kwamba mnadani anakwenda kwa kupapasa. Mtoto wa jicho, hospitali wakasema, na wakamtoa. Alisema baadaye kwamba hakuogopa kisu, aliogopa kusema.

Sasa nije kwangu, maana sina njia ya kumweleza mzee huyu bila kujivua nguo.

Tulipohamia mjini Singida na mke wangu, nyumba yetu niliijenga kama ya baba yangu. Sikukusudia. Mke wangu alianza vizuri, anauliza hiki na kile wakati wa kula, na siku moja nikakohoa. Nilishtuka mwenyewe. Kilikuwa kikohozi cha baba yangu kabisa, kimetoka kifuani kwangu. Ningeomba radhi, lakini mdomo ulikuwa na ugali. Mke wangu akanyamaza siku hiyo, na kidogo kidogo akawa siku nyingine anakula mapema jikoni na binti yetu, Salome, ambaye ndiye mtoto pekee tuliyepewa. Tukiwa pamoja mezani tulikula kwa amani. Mimi niliiita amani.

Salome alipofika darasa la tano akasema anataka shule ya bweni. Akaleta na fomu, ameipata kwa rafiki yake.

"Kwa nini?" nikamuuliza.

"Basi tu, baba."

"Hapa unakosa nini?"

"Sikosi kitu."

Sikulala vizuri wiki nzima. Mtoto wa miaka kumi na moja anayetaka kuondoka nyumbani ana sababu, na mimi sikuwa nayo. Nikafikiri anapigwa shuleni. Nikafikiri kuna mtu anamsumbua njiani. Nikamuuliza mke wangu, akasema, "Mtoto ni wako, mdomo unao, muulize." Nikamwambia nimemuuliza. Akasema, "Umemuuliza kama unavyouliza bei ya mkanda wa mashine."

Likizo Salome akaenda Unyambwa kwa babu yake, kama kawaida yake. Nikamfuata mzee kwa siri, nikamkuta nyuma ya nyumba anarekebisha tenga ambalo halina kazi tena.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja kwa ajili ya mtoto."

"Amekwambia kwa nini anataka kuondoka?"

"Ameniambia."

"Amesemaje?"

Akafunga fundo, akalikata kwa meno. "Aliniambia mezani. La mezani halibebwi."

"Baba, Jumatatu fomu inatakiwa shuleni. Ni mwanangu."

"Ni wako, ndiyo. Njoo Jumapili ule."

Nilikasirika. Nilimwona mzee mkaidi anayecheza na moyo wangu kwa ajili ya sheria ya watoto. Lakini Jumapili nilikwenda, na mke wangu, na fomu mfukoni mwa shati.

Meza ilikuwa ile ile, watu wamepungua. Mzee mwenyewe amekonda, shingo inacheza ndani ya kola. Tulikuwa sisi wawili, yeye na mama mkwe, Salome, na mjukuu mwingine mdogo wa miaka mitano. Jua lilikuwa bado halijazama. Ugali wa uwele, mlenda, kuku. Mzee akamzungukia kila mmoja kwa maswali yake. Mama mkwe akaeleza ugomvi wa kisimani. Wa miaka mitano akaeleza kwamba meno ya mbuzi yako chini tu, juu hana, ameangalia mwenyewe. Kisha mzee akageuka.

"Salome. Lile neno la juzi bado unalo?"

"Ninalo babu."

"Liweke mezani. Baba yako yupo, na hapa hana kikohozi."

Mtoto akatazama sahani yake. Nikaona anapumua kama mtu anayetaka kuruka mfereji.

"Nataka bweni kwa sababu bweni wanakula huku wanaongea," akasema. "Nyumbani tukila nasikia meno ya baba."

Hakuna aliyecheka, hata yule wa miaka mitano. "Yanasemaje?" akauliza, kwa kutaka kujua kweli.

"Yanasema kwacha, kwacha. Halafu anakunywa maji. Halafu anatoka."

Nilikuwa na nyama mdomoni. Sikuweza kuitafuna, kwa sababu wangesikia. Nikaimeza nzima, ikanikaba, machozi yakanitoka, nikaacha watu wafikirie ni hiyo nyama. Haikuwa nyama. Niliumia kuliko nilivyowahi kuumia. Nilikuwa nimetafuta adui wa mwanangu shuleni na njiani, kumbe adui huyo nilikuwa namketisha kwenye kiti changu kila jioni na kumpa chakula. Nikamtazama mzee anisaidie. Alikuwa anatowea mlenda, hana habari na mimi.

Nikasema, "Juzi..."

Wote wakageuka. Nikatamani kurudi nyuma lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Juzi niliitwa kutengeneza mashine. Mkanda umekatika, na boliti mbili za chini zimelika. Zile za namba kumi na saba. Si kumi na tisa, watu wengi wanadhani ni kumi na tisa." Mke wangu akafumba macho. Nikaendelea, ningefanyaje. Nikaeleza mkanda. Nikaeleza boliti. Nikaeleza jinsi nilivyolala chini ya mashine siku mbili, na nilipomaliza nikamwambia mwenye mashine awashe, naye akakataa. Kwenye mdomo wa mashine, pale mashudu, yale makapi ya alizeti, yanapotokea, kuku alikuwa ameatamia. Mwenye mashine akasema mashine haiwaki mpaka mayai yaanguliwe. Foleni ya watu na magunia yao ya alizeti iko nje, wanatukana, na yeye amesimama mlangoni na fimbo anamlinda kuku.

Hapo nikamwona mzee. Kichwa kilikuwa kimeinamia kifuani, tonge liko mkononi, amelala. Sijui nilimpotezea wapi, nadhani kwenye boliti. Nikanyamaza kwa heshima. Mama mkwe akaanza kukusanya sahani.

"Babu amelala," Salome akasema. Alikuwa amesogeza kiti. "Mimi sijalala. Wale watu wa foleni wakafanyaje?"

Nikamweleza. Nilieleza kwa minong'ono ili tusimwamshe mzee, na nilieleza vibaya, narudi nyuma, nasahau, mke wangu ananisaidia kuunganisha, mpaka giza likaingia na mama mkwe akaleta taa.

Jumatatu fomu ilibaki mfukoni mwa shati, na shati likafuliwa nayo. Hakuna aliyeiulizia. Jioni tulikaa kula watu watatu, mimi nimeinamisha kichwa, natafuna polepole upande mmoja nisisikike, na Salome akaniuliza kama mayai yameanguliwa. Nikaweka tonge chini. Nikamwambia mawili tayari, na mwenye mashine amekonda kuliko kuku.